Likizo za Shule Ujerumani: Maswali ya Wazazi Waliohamia

Barua za wazazi waliohamia Ujerumani karibuni zinafanana: kalenda ya shule imewashika, nao hawajui imepangwa na nani. Nianze hapo. Ujerumani haina kalenda moja ya shule. Elimu iko mikononi mwa majimbo 16, na kila jimbo hujipangia likizo. Kinachopangwa kwa pamoja ni zamu za likizo ya kiangazi, kazi ya mawaziri wa elimu wa majimbo, ili nchi nzima isijazane barabarani wiki moja. Tangu Mkataba wa Hamburg wa 1964, jumla ya likizo ni siku 75 kwa mwaka, Jumamosi zikihesabiwa. Tarehe za kiangazi zimeshatangazwa hadi 2030. Mzazi anayezijua mapema anapata nafasi ya kuchagua. Anayezisubiri anachukua kilichobaki.

Binamu za wanangu wako Mombasa, na wengine Morogoro kwa bibi yao. Sisi tunaishi Augsburg. Kila tukienda Agosti, watoto wa Morogoro wako shuleni. Tufanyeje? (Mama wa watoto watatu)

Dada yangu, hili linaniuma kwa sababu watoto wetu wanakwenda nyumbani kuwaona watoto wenzao, si kuketi na wazee sebuleni. Jimbo lako la Bavaria, pamoja na jirani yake Baden-Württemberg, halimo kwenye zamu. Kiangazi chenu huanza mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti na kuishia katikati ya Septemba, kila mwaka. Zamani watoto walihitajika shambani wakati wa mavuno. Na leo majimbo hayo mawili yana likizo ya wiki mbili baada ya Pentekoste, kwa hiyo hayataki kiangazi kianze mapema.

Sasa weka kalenda za nyumbani kando ya yenu. Kenya hufunga shule mwezi Agosti kwa takriban wiki tatu. Tanzania hufunga Juni hadi mapema Julai, halafu Desemba. Kwa hiyo Agosti yenu ni ya Mombasa. Shukeni huko kwanza, watoto wacheze na wenzao, kisha mteremke kwa barabara kupitia mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro, Tanga, Segera na Chalinze hadi kwa bibi. Huko mtawapata binamu jioni na wikendi.

Lakini ipo njia nyingine ambayo wazazi wa Bavaria wengi hawaioni. Pentekoste huhama pamoja na Pasaka. Pasaka ikichelewa, zile wiki mbili huangukia Juni, wakati shule za Tanzania zinafunga. Mwaka 2027 haitawezekana, Pentekoste ni 16 Mei. Mwaka 2028 ni 4 Juni. Weka akiba kwa ajili ya mwaka huo.

Desemba nayo inaoana vizuri na Tanzania, ila ni wiki mbili tu na nauli iko juu kabisa. Hata hivyo, kama bibi amezeeka, msingoje kalenda zioane. Nendeni.

Tiketi ya Jumatano ina bei nafuu kuliko ya Jumamosi. Nikimtoa binti yangu siku mbili kabla shule hazijafungwa kuna ubaya? Ni siku za filamu na keki tu. (Baba, Düsseldorf)

Ubaya upo, kaka. Kusoma shuleni hapa ni sharti la kisheria hadi kengele ya siku ya mwisho, hata kama darasani wanakula keki. Bei ya tiketi haikubaliwi kama sababu, na ruhusa za siku zinazogusana na likizo hutazamwa kwa ukali zaidi kuliko zote. Katika jimbo lako la Nordrhein-Westfalen faini inaweza kufika euro 1,000, na hapo nafuu ya tiketi imekwisha. Mwaka 2018 polisi wa Bavaria walisimamisha familia katika viwanja vya ndege vya Memmingen na Nürnberg kabla ya likizo ya Pentekoste, wakaripoti wazazi waliokuwa wametorosha watoto shuleni.

Usiandike kwamba mtoto anaumwa. Shule ikishuku inaweza kudai cheti cha daktari, na binti wa miaka saba atamsimulia mwalimu habari za ndege kabla hujamwambia anyamaze. Zaidi ya hayo, unamfundisha kudanganya kwa ajili yako. Mimi nalikataa hilo hata pale ambapo hakuna faini.

Nafuu itafute kwingine. Ondokeni wiki ya pili ya likizo, si Jumamosi ya kwanza. Linganisha bei za kuondokea Amsterdam na Brussels, maana likizo za Uholanzi na Ubelgiji hazianzi siku moja na zenu.

Msiba ni jambo jingine. Mwandikie mwalimu mkuu siku hiyohiyo, ueleze marehemu alikuwa nani katika maisha yenu na lini mnarudi. Kwa ndugu wa karibu ruhusa hutolewa.

Mwanangu anasoma Mannheim. Mke wangu anafanya kazi katika shule moja Ludwigshafen, ng'ambo tu ya mto Rhine. Likizo zao hazikutani! (Baba wa mtoto mmoja)

Mto huo ndio mpaka wa majimbo. Tazama mwaka 2026: Rheinland-Pfalz, upande wa mkeo, kiangazi ni 29 Juni hadi 7 Agosti. Baden-Württemberg, upande wa mtoto, ni 30 Julai hadi 12 Septemba. Mnakutana wiki moja na kidogo. Wiki hiyo ifanyeni ya familia, ombeni ruhusa zenu kwa kuifuata, na msiigawie wageni.

Siku zilizobaki zinakudondokea wewe. Sheria inampa mfanyakazi wa siku tano kwa wiki likizo isiyopungua siku 20 kwa mwaka. Mikataba mingi hutoa hadi 30. Mtoto ana wiki kumi na mbili hivi. Hata ukizitoa zote hazitoshi, na hesabu hii ifanyeni mezani pamoja, kwa kalamu, kabla mmoja hajaanza kumlaumu mwenzake. Sheria ya likizo inamtaka mwajiri azingatie matakwa yako, na mwenye mtoto wa shule huwa na hoja nzito kuliko asiye naye. Si haki ya moja kwa moja, kwani kazi ikibana anaweza kukataa. Peleka ombi kwa maandishi orodha ya likizo inapoanza kuzunguka kazini, ambayo kwenye kazi nyingi ni mwishoni mwa mwaka. Ukija nayo Mei utakuta wenzako wamekwisha jaza Agosti yote.

Ninalea peke yangu, nafanya usafi kwa zamu hospitalini. Likizo ikija sina wa kumwachia mtoto wa miaka saba. (Mama, Berlin)

Pole sana, mama. Swali lako ndilo zito kuliko yote, na halitokani na uzembe wako. Huku hakuna shangazi wa nyumba ya pili.

Anza shuleni. Uliza malezi ya wakati wa likizo, yanayoitwa Ferienbetreuung, na uliza siku ambazo hayo yenyewe yanafungwa. Swali hilo la pili husahaulika. Kuanzia Agosti 2026 watoto wanaoingia darasa la kwanza wana haki kisheria ya kulelewa saa nane kwa siku, siku tano kwa wiki, na likizo zikiwemo. Jimbo linaruhusiwa kufunga wiki zisizozidi nne. Haki hiyo inapanda darasa moja kila mwaka hadi ifike la nne. Mtoto wako ameshapita darasa hilo, lakini Berlin ina huduma hii tayari; unatakiwa kuiomba mapema kwa maandishi, na uwe tayari kuthibitisha saa zako za kazi ukiulizwa.

Kama unapata Wohngeld (msaada wa kodi ya nyumba) au Kinderzuschlag (nyongeza ya mtoto kwa wazazi wenye kipato kidogo), mtoto wako ana fungu la euro 15 kwa mwezi kwa ajili ya michezo, muziki na shughuli za pamoja na wenzake. Zinaweza kulimbikizwa zikalipia kambi ya likizo. Wazazi wengi wa kwetu hawaziombi kwa kuona aibu. Ziombe. Ni za mtoto.

Na tafuta mama mwenzako wa darasa hilohilo, hata kama hamzungumzi lugha moja vizuri: siku mbili kwake, siku mbili kwako.

Idi ikiangukia siku ya shule, mtoto aende? (Baba, Hamburg)

Hapana, akasali na kula pilau. Hamburg na Berlin wanafunzi Waislamu hupewa ruhusa kwa sikukuu hiyo. Mjulishe mwalimu kwa barua siku kadhaa kabla, na uulize kama kuna mtihani. Idi husogea nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, basi iandike kwenye kalenda ya ukutani mapema.

Tunahama München kwenda Frankfurt kiangazi cha 2026. Kuna la kuangalia? (Wazazi wa watoto wawili)

Lipo kubwa. Bavaria likizo inaanza 3 Agosti. Hessen inaisha tarehe 7. Watoto watafunga shule ya zamani Ijumaa tarehe 31 Julai na kufungua mpya Jumatatu tarehe 10 Agosti. Kiangazi chao chote ni wiki moja, tena ya kubeba maboksi. Anwani mliyojiandikisha ndiyo inayoamua mtoto ni wa shule ya jimbo gani, kwa hiyo msikimbilie kuibadilisha kabla hamjazungumza na walimu wakuu wote wawili. Kama mwajiri wenu anaruhusu mmoja atangulie, mwingine abaki München na watoto hadi Septemba, wapate mapumziko yao kamili. Lakini shule ya Frankfurt ikubali kwanza, kwa maandishi, kwamba wataanza wakiwa wamechelewa. Andikieni shule zote mbili mwezi huu.