Virusi havionekani kwenye kipimo, je, naweza kuacha ARV? Jibu la mtu aliyewahi kuziacha

Mdogo wangu uliyeanzisha uzi huu, nimesoma swali lako mara tatu kabla ya kuandika. Umesema umetumia ARV kwa miaka miwili, kipimo chako cha mwisho cha wingi wa virusi kimeonyesha kwamba havionekani, mwili una nguvu, kopo limebakiwa na vidonge vya siku tisa, na huoni haja ya kurudi kliniki; tena umeuliza kama mchumba wako atakuwa salama. Jibu langu ni kwamba usiache, na nalitoa kwa sababu mimi niliwahi kuacha nikiwa na hoja zile zile ulizoziandika.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Kagera, mkoa ambako wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mwaka 1983, na nimekua nikiona nyumba zikibaki na bibi na wajukuu peke yao. Nilikutwa na VVU mwaka 2005. Dawa za bure zilikuwa zimeanza kutolewa nchini mwaka mmoja tu kabla ya hapo, na wakati huo mtu hakuanzishiwa dawa siku ya majibu kama ulivyoanzishiwa wewe. Kama hukuwa mgonjwa sana, ulisubiri mpaka seli zako za CD4, yaani askari wa kinga ya mwili, zishuke chini ya 200. Mimi nilisubiri miezi kumi na mmoja. Dawa niliyopewa ilikuwa na stavudini ndani yake, ambayo iliokoa maisha yangu, lakini usiku nyayo ziliwaka kama nimekanyaga makaa, na mashavu yakanywea hata mama akadhani naficha ugonjwa mwingine. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri dawa hiyo iondolewe taratibu, na mimi nikabadilishiwa.

Mwaka 2011, nikiwa mzima kabisa, nilihamia mji mwingine kikazi na kupanga chumba kimoja na wenzangu wawili. Kopo la vidonge lilikuwa likilia kama kayamba kila nilipogusa sanduku la nguo, nikawa nalijaza pamba ili lisitoe sauti, na nilikuwa nikimeza kidonge chooni bila maji. Siku moja sikumeza, na hakuna kilichotokea. Wiki ikapita, mwezi ukapita, nikaendelea kunenepa. Nilikaa miezi minane hivyo, nikiamini kwamba mwili wangu umeshinda. Kilichoanza ni mkanda wa jeshi ubavuni, malengelenge yaliyonifanya nishindwe hata kuvaa nguo, kisha kikohozi ambacho baadaye kiligundulika kuwa ni kifua kikuu. Niliporudi kliniki CD4 zilikuwa 61.

Muuguzi aliniuliza kwa upole ni muda gani sijameza dawa, nami nikamwambia wiki mbili. Uongo ule uliniumiza kuliko utoro wenyewe, kwa kuwa nilirudishiwa dawa zile zile, na ilichukua zaidi ya nusu mwaka kujulikana kwamba virusi vyangu vilikwisha kujenga usugu dhidi yake. Nikahamishiwa dawa za mstari wa pili, zinazotolewa pale zile za kwanza zinaposhindwa, vidonge vikubwa vya asubuhi na jioni, huku tumbo likiharisha kwa majuma.

Sasa nieleze kwa nini ilikuwa hivyo, kwa sababu hakuna aliyenieleza mapema. Kipimo cha wingi wa virusi huhesabu nakala za virusi zilizomo kwenye damu, na zikiwa chini ya kiwango ambacho mashine inaweza kuzihesabu, kwa kawaida chini ya 50 katika mililita moja, majibu husema havionekani. Lakini VVU huingiza vinasaba vyake ndani ya vinasaba vya seli zetu wenyewe, na baadhi ya seli hizo hulala kwa miaka mingi bila kuzalisha chochote. Dawa huzuia virusi kuzaliana. Haina njia ya kuifikia seli iliyolala. Ukiacha kumeza, seli chache zikiamka, virusi hurudi kwenye damu, mara nyingi ndani ya wiki chache tu, wakati wewe bado unajiona mzima.

Wala hili si jambo la kukisia. Utafiti uliojulikana kwa jina la SMART uliwahusisha watu zaidi ya 5,000 katika nchi 33, wengine wakimeza dawa mfululizo na wengine wakiziacha kila CD4 zilipokuwa juu, na mwezi Januari 2006 ulisitishwa kabla ya wakati kwa kuwa walioacha walikuwa wakiugua na kufa zaidi ya mara mbili ya wenzao. Mwaka 2013 ulimwengu ulishangilia mtoto wa Mississippi, Marekani, aliyedhaniwa amepona baada ya kuanzishiwa dawa akiwa na umri wa saa 30 hivi. Alikaa zaidi ya miaka miwili bila dawa, kisha mwaka 2014 virusi vikaonekana tena. Waliopona kweli, akiwemo Timothy Ray Brown aliyetibiwa Berlin, walipandikizwa uboho kwa sababu ya saratani ya damu, tiba ya hatari ambayo hakuna daktari angempa mtu mwenye afya yako.

Kutoonekana, hata hivyo, ni zawadi kubwa, na naomba usiidharau. Utafiti wa PARTNER, uliotolewa mwaka 2016, uliwafuatilia wapenzi karibu jozi 900 ambao mmoja ana VVU vilivyofubazwa na mwenzake hana, wakikutana bila kondomu, na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzi wake. Mume wangu hana VVU. Mtoto wetu alizaliwa mwaka 2015 nikiwa kwenye dawa, naye ni mzima. Uliuliza pia kuhusu mchumba wako: usalama wake unatokana na kidonge cha kila siku, na ukikiacha, usalama huo unaondoka bila kumpigia hodi.

Mchangiaji mmoja hapo juu ameandika kwamba siku hizi kuna sindano ya mara mbili kwa mwaka, hivyo vidonge vimepitwa na wakati. Anazungumzia lenakapaviri, na habari yake ni njema mno: mwaka 2024, kati ya wanawake na wasichana 2,134 waliochomwa sindano hiyo katika utafiti uliofanyika Afrika Kusini na Uganda, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Lakini hiyo ilikuwa kinga kwa wasio na VVU. Hata zile sindano za kila miezi miwili zinazotumika kama tiba katika baadhi ya nchi huchukua nafasi ya vidonge kwa usimamizi wa daktari. Hazimpi mtu ruhusa ya kukaa bila dawa.

Mwaka 2000 dawa za mwaka mmoja kwa mtu mmoja ziliuzwa kwa zaidi ya dola 10,000. Mwezi Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ikatangaza bei ya dola 350, na mwezi Aprili kampuni 39 zikaondoa kesi ziliyoifungulia serikali ya Afrika Kusini kuhusu dawa za bei nafuu, baada ya wanaharakati wa Treatment Action Campaign kujaza mitaa. Zackie Achmat, mmoja wa waanzilishi wake, aliishi na VVU na alikataa kwa miaka kumeza ARV mpaka wanyonge wazipate katika hospitali za umma; alianza mwaka 2003. Na mwezi Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada, wenzangu wa kikundi cha WAVIU, yaani watu wanaoishi na VVU, walikaa wakihesabu vidonge kimoja kimoja kwa hofu ya kuishiwa. Nawakumbuka wote hao nikisoma kwamba kopo lako bado lina vidonge na unataka kuliweka kando.

Siku tisa zinatosha kujipanga. Nenda na kadi yako ya CTC, ile kliniki ya tiba na matunzo, kabla vidonge havijaisha, na kama kuna siku ulizoruka, taja idadi ya kweli, usiipunguze kama nilivyofanya. Waulize kama unastahili kupewa dawa za miezi sita kwa mkupuo, maana mimi hupewa hivyo na safari za kliniki zimepungua. Kama kinachokuchosha ni sauti ya kopo mbele ya watu unaoishi nao, hamishia vidonge vya wiki kwenye pakiti ndogo kavu yenye kufungika, na kopo libaki na kifuko chake cha kunyonya unyevu mahali ambapo hakuna mtu anapekua.