Bei iko wapi?

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mbeya aliniandikia: "Kaka, nimemaliza tovuti yangu ya kwanza. Pale juu nimeweka picha zinazopishana, na rangi zimetulia. Mbona wateja wanaingia na kutoka?" Niliusoma ujumbe ule mara mbili, kifua kikanibana. Ni swali nililokuwa nalo mimi mwaka 2019.

Mwaka huo mama mmoja mwenye duka la pembejeo Morogoro alinipa kazi. Niliifanya usiku na mchana. Juu kabisa niliweka picha tano za mashamba, zilivyotoka kwenye kamera, kila moja zaidi ya MB 4. Maandishi ya kijivu kilichopauka, juu ya nyeupe. Ofisini kwangu Dar, kwenye kompyuta yenye intaneti ya waya, ilifunguka kufumba na kufumbua. Nikaona kazi imeisha.

Siku ya kukabidhi nilikwenda mwenyewe. Pale dukani nilimkuta mzee mmoja mkulima, simu yake kioo kimepasuka kona moja. Mama akamwomba aifungue. Mzee akatoka barazani kutafuta mtandao, nami nikamfuata. Ukurasa mweupe. Kiduara kinazunguka. Picha ya kwanza ikaanza kushuka kipande kipande, na bando lake linakwenda. Picha peke yake zilipita MB 20. Ilipotulia aliikinga simu na jua kwa kiganja, akaisogeza karibu na macho.

"Bei iko wapi?"

Bei zilikuwa ndani ya menyu, na menyu yenyewe ni vile vistari vitatu pembeni ambavyo yeye aliviona pambo. Akaibonyeza namba ya duka kwa dole gumba mara tatu. Haikupiga, kwa sababu namba niliiweka ndani ya picha. Akairudisha simu mfukoni, akarudi kaunta: "Mama, mbegu ya mahindi ya kilo mbili leo bei gani?"

Mama alinisema mbele za watu. Kazi akampa mwingine, na malipo ya mwisho sikuyaona. Bado inaniuma, sifichi. Ila kinachonichoma zaidi ni yule mzee: alilipia kwa fedha yake picha ambazo hakuzihitaji, na alichokihitaji hakukipata.

Tangu siku ile, picha haipandi kwenye tovuti yangu kabla sijaipunguza. Upana wa pikseli 800 unatosha kwa simu, na ukiihifadhi kwa WebP, aina ya faili inayopunguza uzito wa picha, picha ya MB 4 mara nyingi hushuka chini ya KB 150. Bei naziweka ukurasa wa kwanza. Namba ya simu naiandika kama maandishi yenye kiungo cha tel, mtu akigusa inapiga. Vistari vitatu naviandikia neno "Menyu" kando yake. Kuhusu rangi, mwongozo wa W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, unataka mwangaza wa maandishi ya kawaida utofautiane na wa mandharinyuma kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1, nami naongeza kipimo changu: natoka nje saa saba mchana, nasoma.

Kubwa kuliko yote, mkalishe mtu kando yako, ashike simu yake mwenyewe, na wewe unyamaze. Usimwonyeshe pa kubonyeza. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wakiijaribu wanatosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro. Mimi mzee mmoja alinitosha. Wabunifu wenzangu, tunapeana sifa sisi kwa sisi kwenye makompyuta yetu, na mwenye kununua yuko juani na bando la siku. Tumheshimu. Fedha yake ndiyo inayotulisha.

Mdogo wangu wa Mbeya, tovuti yako nimeifungua jana nikiwa kituoni Ubungo, kwa simu ya zamani ninayoitunza kwa kazi hiyo tu. Nilihesabu hadi ishirini na tatu ndipo picha ya kwanza ikatokea. Namba yako niliikuta mwisho kabisa wa ukurasa, nayo ukiigusa haipigi. Anza na hayo mawili, kisha nitumie tena, nitaifungua kwa simu ile ile.