Panchakarma: masaji ya mafuta haimo kwenye zile tano

Je, kukandwa mafuta na kufukizwa mvuke ndiyo panchakarma, zile njia tano za kusafisha mwili za Ayurveda, tiba ya jadi ya India? Hapana, hayo si panchakarma yenyewe, ni maandalizi yake. Hata shirodhara, yale mafuta ya uvuguvugu yanayomiminwa kwenye paji la uso ambayo hoteli za Kerala, jimbo la kusini mwa India, huyapiga picha kila siku, haimo kwenye tano.

Tano zenyewe kwa hesabu ya Charaka, tabibu wa kale wa India, ni kutapishwa, kuharishwa, enema mbili za kuingizwa njia ya haja kubwa (moja ya dawa iliyochemshwa, nyingine ya mafuta) na dawa ya kutiwa puani. Wanaofuata Sushruta, tabibu mwingine wa kale, huhesabu enema zote kuwa kitu kimoja, na nafasi inayobaki huijaza kwa kutoa damu, kwa ruba au kwa kuchanja. Ndiyo maana orodha za tano hizo mnazokutana nazo hazilingani. Zote zina asili yake.

Na si starehe. Kabla ya kutapishwa mtu hunywa samli asubuhi bila kula kitu, kipimo kikiongezwa kila siku, siku 3 hadi 7, mpaka choo chenyewe kiwe cha mafutamafuta. Akimaliza haruhusiwi pilau. Anaanza na uji mwepesi wa mchele.

Ila hizo "sumu" zinazodaiwa kutolewa ni nadharia ya Ayurveda, hakuna kipimo cha maabara kilichozithibitisha. Kuishiwa maji na chumvi mwilini ndiyo hatari ya kweli, kwa hiyo mjamzito au mwenye matatizo ya figo au moyo asijaribu kabla ya kumwona daktari.