Jibu: Kwa nini picha ambayo mtu amejipiga mwenyewe inaliza?

Dada, umeuliza kwa nini picha ambayo mtu amejipiga mwenyewe imekutoa machozi ilhali humjui. Mimi nasema ni macho. Hakuna mpiga picha wa kumwambia "tabasamu", kwa hiyo yale macho yanakutazama wewe moja kwa moja.

Mpiga picha Samuel Fosso alifungua studio yake ya picha Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, mwaka 1975, akiwa na miaka 13 tu. Jioni, filamu ikibaki, alijipiga picha mwenyewe ili bibi yake kule Nigeria aone mjukuu ni mzima. Ukishalijua hilo, huzioni tena picha hizo kama mapozi ya kijana.

Mama yangu mdogo, yuko Temeke, alijipiga picha kwa simu nywele zilipomwisha kwa dawa za saratani. Kanga ameishusha mabegani, taa ya jikoni inammulika shavu moja, na kidole gumba kimeziba kona ya picha. Kile kidole ndicho kilichonimaliza: hakuwepo hata mtu wa kumshikia simu. Nilipanda daladala usiku uleule, nikalala kwake.