Maswali Yenu: Wingi wa majibu si uzito wa majibu

Tuliweka swali mtandaoni, wakajibu watu 8,000. Mwenzetu anadai utafiti wake wa watu 1,000 una uzito zaidi. Inawezekanaje?

Inawezekana kabisa, ikiwa hao 1,000 waliteuliwa kwa nasibu, yaani kila mtu katika kundi linalochunguzwa alikuwa na nafasi ya kuteuliwa na nafasi hiyo inajulikana. Wenu 8,000 walijileta wenyewe. Anayejibu bila kuitwa mara nyingi ana hasira au mapenzi makubwa na jambo lenyewe. Asiyejali hayumo, na huenda wasiojali ndio wengi.

Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma kadi zipatazo milioni 10, likiuliza watu watampigia nani kura ya urais. Zilirudi zaidi ya milioni 2, nalo likatangaza kwamba mgombea Landon angemshinda Roosevelt, rais aliyekuwa madarakani. Roosevelt akapata takriban asilimia 61 ya kura. Majina mengi yalitoka kwenye orodha za wenye simu na magari, watu wenye nafuu katika miaka ya dhiki ya uchumi. Isitoshe, waliorudisha kadi hawakufanana na walionyamaza. Kosa la aina hii halitibiwi kwa kuongeza idadi.

Kosa linalopungua kwa idadi ni lile la sampuli, yaani tofauti ya bahati tu inayotokana na kuuliza wachache badala ya wote. Kwa sampuli nasibu ya watu 1,000, kwa uhakika wa asilimia 95 (yaani mara 95 kati ya 100), ni kama asilimia 3 juu au chini. Kulipunguza hadi nusu kunahitaji watu 4,000, si 2,000. Na jihadharini na vikundi vya ndani: vijana wakiwa 100 tu kati ya hao 1,000, kosa kwa upande wao linakaribia asilimia 10. Hapa ndipo ripoti nyingi zinapopotosha.

Tunaandaa dodoso la wateja. Maneno ya swali yana uzito kiasi gani?

Mkubwa mno. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 huko Marekani kundi moja liliulizwa kama nchi iruhusu hotuba za hadharani dhidi ya demokrasia. Asilimia 62 walisema isiruhusu. Kundi jingine liliulizwa kama izipige marufuku. Waliokubali walikuwa asilimia 46 tu.

Chukueni swali kama “Unakubali kwamba huduma yetu ni nzuri na ya haraka?” Linamvuta mtu aseme ndiyo, tena ni maswali mawili ndani ya moja: aliyehudumiwa vizuri lakini polepole atajibu nini? Ulizeni, “Mara ya mwisho ulisubiri dakika ngapi?” Ubora uwe swali lake, lenye ngazi tano kuanzia nzuri sana hadi mbaya sana, na nafasi ya “sijui”. Kipato na umri viwe mwishoni. Kabla ya kazi kuanza, jaribuni kwa watu 10 hadi 15, kila mmoja aeleze swali kwa maneno yake. Wanaposhindwa, libadilisheni swali.

Wateja walisema watanunua, kisha hawakununua. Walitudanganya?

Si lazima. Kusema “nitanunua” hakumgharimu mtu kitu. Kabla ya kubadilisha ladha ya soda yake mwaka 1985, Coca-Cola iliwaonjesha watu wapatao 200,000 ladha mpya, na wengi waliipendelea. Siku 79 baada ya ladha mpya kuzinduliwa, ile ya zamani ilirudishwa, kwa sababu kuonja hakukupima uchungu wa kuipoteza ladha ya zamani. Ulizeni walichonunua katika siku 30 zilizopita. Mkilazimika kuuliza ya mbele, tajeni bei, wekeni bidhaa shindani, na chaguo la “nisingenunua yoyote”.