Stoo ya vifaa vya kambi inanishinda, nifanyeje?

Dada, nimekuelewa: umejitolea likizo hii katika shirika linalopeleka wanafunzi kambini, ukakabidhiwa stoo, na kila safari ya Ngong inarudi na vifaa pungufu. Pole. Nilishika stoo kama hiyo hapa Nairobi.

Anza kwa kuhesabu kila kitu, hata vigingi. Andika namba kwa rangi isiyofutika, na kiongozi wa safari atie sahihi akichukua na akirudisha. Bila sahihi, lawama ni zako.

Hema lisikunjwe likiwa na unyevu. Agosti hapa ni baridi na manyunyu, kwa hiyo litandaze hata ukumbini. Mimi nilikunja mawili Ijumaa. Jumatatu yalinuka uvundo, na madoa ya ukungu hayakutoka kamwe.

Kinachonitia hofu ni kamba za kupandia miamba. Zipitishe mkononi kila baada ya safari. Ukihisi sehemu laini kupita kiasi, bapa au iliyochanika, kamba hiyo iondoe kazini. Iliyoguswa na maji ya betri itupe, hata kama haina alama. Ila usiziidhinishe peke yako: mkufunzi wa kupanda mwenye cheti akague kamba, helmeti na karabina (pete za metali zinazofunguka, za kuunganishia kamba). Mkuu wako akikataa kumlipa, mwandikie, ubaki na nakala.