Kuhusu pasi ya treni ya siku 7 nchini Japani, katikati ya Agosti

Salaam, ndugu. Umeuliza kama inafaa kununua pasi ya treni ya siku 7 ilhali safari yenu ni Tokyo, Kyoto, Hiroshima na kurudi Tokyo.

Kwanza pigeni hesabu ya nauli. Tangu Oktoba 2023 pasi hiyo ilipanda kutoka yen 29,650 hadi 50,000. Tokyo hadi Kyoto ni takriban yen 14,000, Kyoto hadi Hiroshima kama 11,500, na kurudi Tokyo hazizidi 20,000 kwa kawaida. Kwa hiyo mimi ningekata tiketi moja moja.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni tarehe zenu. Mnafika wakati wa Obon, ambapo Wajapani wengi hurudi makwao kuwakumbuka wahenga, na treni za Nozomi, zile za mwendo kasi zaidi katika njia hiyo, siku hizo hazina behewa hata moja la viti visivyowekewa nafasi. Mimi nililidharau jambo hili: nilisimama mlangoni mwa behewa la Hikari, treni nyingine ya mwendo kasi, kutoka Tokyo hadi Nagoya, karibu saa mbili nzima, begi nikilibana kwa magoti. Viti huanza kuuzwa mwezi mmoja kabla, saa nne asubuhi ya Japani, basi wahini.

Sijui mabegi yenu yana ukubwa gani, lakini jumla ya urefu, upana na kina ikizidi sentimita 160, katika njia ya Tokyo hadi Hiroshima ni lazima mkate kiti chenye nafasi ya mzigo nyuma yake.